DAWA BILA KIPIMO HAIMFAI MGONJWA

Yako maradhi yenye kelele, na yako maradhi yenye kunyamaza. Homa ya ini ya namna C ni ya hayo ya pili. Mtu aweza kukaa nayo miaka ishirini au thelathini, akilima na kubeba mizigo, asijue kwamba ini lake laharibika.

Ndugu wasomaji, nchi ya Misri yatupa funzo kubwa katika jambo hili. Tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1980, wakulima wa bonde la Nile walichomwa sindano ili waponywe kichocho. Nia ilikuwa njema. Lakini mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, nayo yalitumiwa kwa mtu huyu na huyu pasipo kuchemshwa sawasawa; na virusi visivyojulikana mpaka mwaka 1989 vikapita damu hata damu. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 hata 59, karibu 15 walikuwa na alama ya ugonjwa huu.

Kisha zikaja dawa za vidonge, ambazo leo huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliuzwa Marekani kwa dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja; mwaka 2014 Misri ilikubaliwa kuinunua kwa dola 900, na baadaye viwanda vyake vikaitengeneza kwa bei ndogo zaidi. Hata ulipofika mwaka 2016, orodha ya waliokuwa wakingoja matibabu ilikwisha. Je, ugonjwa nao ulikwisha? La, hasha! Dawa ilikuwako, bali wenye kuihitaji hawakujijua.

Hapo Serikali ikaacha kumngoja mgonjwa, ikamfuata. Tangu Oktoba 2018, kwa muda wa miezi saba, watu wazima karibu milioni 50 walipimwa bure katika zahanati, vituo vya vijana na magari yaliyosimama penye watu. Tone moja la damu ya kidole lilitosha, na jibu lilipatikana papo hapo. Zaidi ya watu milioni 2 walionekana wana alama, wakaelekezwa kwenye kipimo cha pili na matibabu ya bure. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitunukia Misri daraja ya dhahabu, nchi ya kwanza kuipata.

Lakini katika watu milioni 50 waliokuwa na ugonjwa huu duniani mwaka 2022, waliokuwa wamepimwa wakajijua walikuwa 36 tu katika kila 100. Kibarua alipwaye kwa siku hawezi kupoteza ujira wake akitafuta ugonjwa asiouhisi. Hana budi kufuatwa kazini, sokoni na kijijini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Huyu hakuficha, maradhi ndiyo yaliyojificha. Lawama ni ya mwenye kipimo asiyekipeleka.