Nne ya Arua na Nne ya Koboko: Udugu wa Lugha na Kazi ya Askari

Askari anapohamishiwa West Nile kutoka Masaka, Mbarara au Soroti, mara nyingi huwajumlisha wenyeji wote kwa jina moja. Kwake yeye, mtu wa Arua na mtu wa Koboko ni kitu kimoja, na lugha zao ni sauti ile ile. Sivyo ilivyo. Tena kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki na kizuizi cha barabarani, kutolijua jambo hili si upungufu mdogo, kwani kwaweza kumletea madhara mwananchi asiye na hatia. Katika shule ya ukadeti tulifundishwa kuisoma ramani ya mito na vilima. Leo tumeona yafaa tuisome pamoja na wasomaji wetu ramani ya lugha.

HESABU NI SHAHIDI

Maneno ya biashara na ya dini huazimwa upesi, bali hesabu ndogo ndogo hukaa katika lugha kwa vizazi vingi. Hata Kiswahili, kilichoazima sita, saba na tisa kwa Waarabu, hakikuazima nne, bali nne yake ni ndugu wa nnya ya Waganda. Basi na tuifanye nne kuwa shahidi wetu.

Katika soko la Arua, Mlugbara anayehesabu maembe yake, akiisha kutaja moja, huendelea: iri, na, su. Mmadi wa Moyo au Adjumani husema eri, na, su. Hapo hahitajiki mtaalamu wa kutuambia kwamba hao wawili ni ndugu. Lakini tufuate barabara ya kaskazini, kilomita zipatazo 55 kupita Maracha hadi Koboko, nasi tutamsikia Mkakwa akihesabu: murek, musala, ungwan. Hakuna hata neno moja linalofanana na yale ya jirani yake. Tukirudi kusini hadi Nebbi, Mwaluri atatuambia: ario, adek, angwen.

Sikilizeni vizuri hiyo ya mwisho. Ungwan ya Koboko na angwen ya Nebbi zina mzizi mmoja. Mwacholi naye husema angwen, Mjaluo wa Kisumu ang'wen, Mnandi ang'wan, na Mmasai oonguan. Kwa hiyo Mkakwa, akiwa Koboko, ana jamaa wa mbali hata katika nyika za Kenya na Tanzania, hali jirani yake wa Maracha si jamaa yake kwa lugha.

Wataalamu hulipanga jambo hili hivi. Kikakwa ni tawi la Kibari, pamoja na lugha za Wakuku, Wapojulu, Wanyangwara na Wamundari wa Sudan Kusini, na watu hao husikilizana kwa kiasi kikubwa. Kibari nacho kimo katika Kinailoti cha Mashariki, pamoja na lugha za Wateso, Wakaramojong, Waturkana na Wamasai. Waaluri, Waacholi na Wajaluo wamo katika Kinailoti cha Magharibi. Kilugbara kimo katika jamaa nyingine, iitwayo Sudani ya Kati, pamoja na Kimadi, Kimoru, Kiavokaya, Kikeliko na Kilogo. Padre J. P. Crazzolara, aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kilugbara mwaka 1960, aliziona lugha za Walugbara na Wamadi kuwa za shina moja. Mwaka 1963 Joseph Greenberg alizitia jamaa zote hizi katika ukoo mmoja mkubwa, nao wataalamu wangali wanabishana kuhusu ukoo huo. Hata kama upo, shina lake ni la zamani mno.

MFANO WA ULAYA

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Waingereza waliotutawala walikuwa na habari kama hizi mlangoni mwao. Kigaeli ni lugha tatu zilizo ndugu: ya Ayalandi, ya Scotland na ya kisiwa cha Man. Nne zao ni ceathair, ceithir na kiare. Kigaeli kilivuka bahari kutoka Ayalandi hadi Scotland karne nyingi zilizopita, na hivyo undugu wao ni kama ule wa Kikakwa na Kibari.

Katika jamaa kubwa ya Kikelti mna tawi la pili, la Wales, la Cornwall na la Brittany iliyoko Ufaransa. Hao husema pedwar, peswar na pevar. Pale Mgaeli anapotamka k, hao hutamka p. Mtoto wa kiume kwa Mgaeli ni mac, na kwa mtu wa Wales ni mab. Udugu huu ulielezwa kwa ushahidi na Edward Lhuyd katika kitabu chake cha mwaka 1707. Mgaeli na mtu wa Wales hawasikilizani, ijapokuwa babu yao ni mmoja, kama vile Mkakwa na Mwaluri. Na kusini ya Ufaransa hiyo hiyo yuko Mbaski, ambaye nne yake ni lau, wala hana jamaa hata mmoja kati ya majirani zake.

Tazameni basi: mtu wa Brittany ni raia wa Ufaransa, na jamaa wa lugha yake yuko Wales, ng'ambo ya bahari. Polisi wa Ufaransa angekuwa mjinga kama angemkamata kwa sababu hiyo.

MIPAKA ILIYOHAMA

Kwetu bahari hiyo ni mstari tu uliochorwa na wageni. Tangu 1894 nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokwisha kufa ilitiwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Katika miaka 20 mwanakijiji mmoja aliweza kuwa chini ya serikali tatu bila ya kuhamisha jiko lake. Mwisho wake Wakakwa wakawa katika nchi tatu, nao Walugbara wakagawanyika baina ya Arua na Aru ya Kongo. Karibu na Koboko, mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, panaitwa Salia Musala. Msomaji ameshalijua neno la pili: ni tatu.

Wala lugha na damu haziendi pamoja siku zote. Masimulizi ya Walugbara yanawataja mashujaa wawili wa asili, Jaki na Dribidu, na Jaki huyo anahusishwa na mlima Liru, ulioko Koboko, katika nchi ya Wakakwa. Wanubi nao, wazao wa askari wa Emin Pasha waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891, walitoka katika makabila mengi, wakaunganishwa na lugha iliyozaliwa kambini kutokana na Kiarabu. Nne yao ni arba.

GHARAMA YA UJINGA

Tunayasema haya kwa sababu ujinga wa namna hii umeshamwaga damu, tena mikononi mwa watu waliovaa sare. Mwaka 1971 askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa ndani ya makambi, na wengi walijulikana kwa majina yao tu. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, zamu ikawa ya West Nile. Mlugbara, Mkakwa na Mmadi walihesabiwa kuwa kitu kimoja, na maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari. Ulimi uligeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Nao Mkakwa na Mwacholi, waliofanywa maadui, huitaja nne kwa mzizi mmoja.

Katiba ya 1995 imewataja Waaluri, Wakakwa, Walugbara, Wamadi na Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda, kwa kuitazama mipaka ya tarehe 1 Februari 1926. Sheria yauliza mtu amezaliwa na nani na jamii yake ilikuwa wapi. Haiulizi anahesabuje. Basi askari aliyesimama Oraba au Vurra, akimsikia msafiri akisema kama watu wa Yei au wa Aru, ajue kwamba hajasikia bado ushahidi wo wote. Atazame hati zake, aulize kijiji chake na wazee wake, tena aulize kwa adabu. Kiswahili, ambacho jeshi limekitumia tangu enzi ya K.A.R. na ambacho tangu 2005 ni lugha rasmi ya pili ya taifa, kinatosha kwa kazi hiyo. Nne yake hakuna kabila la West Nile linaloidai kuwa yake, na kwa hiyo haimtengi mtu.