Filamu yatetea wazee wa pwani

Matamasha ya filamu za haki za binadamu huonyesha maisha halisi, kisha watazamaji hujadiliana. New York ilianzisha lake mwaka 1988, na Prague 1999.

Pwani yetu pia ina kisa chake. Filamu ya The Letter, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 2019, inamhusu nyanya wa kaunti jirani ya Kilifi aliyesingiziwa uchawi, huku shamba likigombewa.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mzee akitishiwa, ripoti mapema kwa chifu au polisi.

Vikundi vya Garsen na kwingineko vinavyotaka kuonyesha filamu hadharani vihakikishe kwanza imeidhinishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya.