KENYA NA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU

Mwezi Mei mwaka 2025 Rais William Ruto wa Kenya alitia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Muswada wake ulipelekwa Bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Jambo hili limetokea kwa jirani zetu, lakini linawahusu pia wote waliokabidhiwa ulinzi wa wananchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetenga viti viwili katika Seneti, kimoja cha mwanamke na kimoja cha mwanamume, ili watu wenye ulemavu wawe na wasemaji wao. Seneta Asige aliingia kwa njia hiyo mwaka 2022. Kwa hiyo muswada huo haukuwa wa huruma ya wengine. Ulikuwa kauli ya mhusika mwenyewe.

Huenda msikilizaji akauliza: kwa nini sheria mpya, ilhali ya zamani ilikuwapo? Ni kweli kwamba sheria ya 2003 ilikataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu wake. Aidha, iliweka muda wa miaka 5 kwa majengo ya umma kurekebishwa. Lakini sheria hiyo ilitangulia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, na ikatangulia pia Katiba yenyewe. Katiba hiyo, katika ibara ya 54, inatamka kuwa elimu, usafiri, habari na kufika kila mahali ni haki, wala si hisani.

Tuchukue mfano wa elimu. Tangu mwaka 1946, Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya wasioona huko Thika, watoto wengi wamepata mwanga wa elimu katika shule maalumu. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, shule maalumu ni chache, na mara nyingi mtoto hulazimika kwenda mbali na wazazi wake. Katiba inataka elimu iliyochangamana na jamii. Hilo halitawezekana bila vitabu vya nukta nundu, walimu wajuao lugha ya alama, na njia ya mteremko badala ya ngazi tupu.

Ndugu askari, hapa ndipo linapotuhusu. Kiziwi akiamriwa kwa sauti kusimama kwenye kizuizi cha barabarani, hataitii amri asiyoisikia. Askari asiyetambua hilo anaweza kumdhania mkaidi, na pengine akamdhuru mtu asiye na kosa. Tena, mwanajeshi mzima wa leo anaweza kurudi kesho kutoka mapambanoni akiwa amepoteza mguu. Hapo ngazi zile zile alizozipanda mbio zitakuwa ukuta mbele yake.

Tanzania nayo iliridhia Mkataba huo mwaka 2009, ikatunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2010. Kwa hali hiyo, si haki kuwatazama majirani kana kwamba sisi tumekwisha kutimiza wajibu wetu. Fundisho la sheria ya Kenya ya 2003 ni kwamba muda ulioandikwa hupita, na ngazi zikabaki pale pale, kama hakuna anayesimamia. Usimamizi huo ni kazi ya Serikali, na vyombo vya dola vimo ndani yake.