Fangasi wa kinenani: kwa nini hurudi, na jinsi ya kuwamaliza

Muwasho wa kinenani huwatia watu aibu. Mkazi wa Mlandege, mjini Iringa, hataona tabu kueleza kuhusu mafua, lakini kwa hili huenda dukani na kuomba kwa sauti ya chini "dawa ya kupaka". Hapo wengi hupewa dawa isiyo sahihi.

Kwanza tuondoe dhana mbili. Fangasi hawa si dalili ya uchafu wala ya uasherati. Pia baridi ya Iringa haiwazuii. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti tunavaa nguo nzito, tena wakati mwingine kabla hazijakauka vizuri. Dereva wa bodaboda anayekalia siti siku nzima, au mbeba mizigo wa sokoni, hutokwa jasho ndani ya nguo hizo. Joto na unyevu ndivyo fangasi wanavyovitaka.

Dalili

Huonekana baka linalowasha kwenye mkunjo wa paja, lenye kingo zilizoinuka na magamba. Kwenye ngozi nyeusi, kingo huwa za kahawia au nyeusi zaidi. Baka hutanuka, huku katikati pakionekana kama panapona.

Krimu inayodanganya

Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli. Muwasho hutulia kwa siku chache, kisha fangasi huenea zaidi kwa sababu steroidi hudhoofisha kinga ya ngozi. Ukiendelea kuipaka, ngozi huwa nyembamba na kuacha michirizi ya kudumu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: "Ina steroidi?"

Tiba

Omba krimu ya klotrimazoli peke yake. Paka mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, ukivuka ukingo wa baka kwa upana wa kidole. Usiache muwasho unapokoma; endelea angalau wiki moja baada ya baka kutoweka.

Kagua pia vidole vya miguu. Mara nyingi fangasi hutoka huko na kupanda na nguo. Tibu sehemu zote mbili kwa pamoja, na vaa soksi kabla ya nguo ya ndani.

Kinga

Jikaushe vizuri kwenye mikunjo baada ya kuoga. Badilisha nguo ya ndani kila siku, na ipige pasi jua likikosekana. Taulo lisiwe la familia nzima. Nguo za mtumba zifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuvaliwa.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda usipopata nafuu baada ya wiki mbili za kupaka, kukiwa na usaha au vidonda, au ukiwa mjamzito. Fangasi wakirudi mara kwa mara, omba upimwe sukari: huenda ngozi inatangulia kutoa taarifa ya kisukari.