Maji ya Bethlehemu na gunia la msandali

Somo: 2 Samweli 23:13-17

Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayachota, wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Daudi hakwenda kisimani, aliletewa tu. Hata hivyo alijua kwamba anayepokea naye ana la kujibu.

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, tuseme kesho kijana anabisha hodi akiwa na gunia la mizizi. Anasema ni msandali, na kwamba ukikusanya magunia ya kutosha utapata mnunuzi ng'ambo ya mpaka. Bei yake ni ndogo. Utanunua?

Msandali wa Afrika Mashariki ni mti mdogo wa porini. Mafuta yake, yanayotengenezewa manukato, yamo zaidi kwenye mizizi na chini ya shina. Kwa hiyo anayeyataka hakati tawi. Anang'oa mti mzima. Tena msandali una miti dume na miti jike, na wavunaji huitafuta zaidi ile jike wakiamini ina mafuta mengi. Miti jike ikiisha, mbegu nazo zimekwisha. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mungu aliwaruhusu Waisraeli kuchukua makinda kiotani, lakini mama yao aachwe aende zake. Sisi tunaanza na mama.

Sheria nazo zimesema. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali mwaka 2007. Mwaka 2013 msandali wa nchi zetu, Tanzania ikiwemo, uliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo hauvuki mpaka kihalali bila kibali. Sheria yetu ya Misitu inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha. Kukutwa na mazao ya misitu yaliyopatikana kiharamu ni kosa, hata kama jembe hukulishika wewe. Na ndani ya Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizoanzishwa mwaka 2019, mimea haing'olewi kwa biashara.

Mtu atasema, "Lakini kijana huyu ana njaa." Ni kweli, na njaa yake isidharauliwe. Ila akikamatwa, yeye ndiye atakayelala mahabusu huku mnunuzi akihesabu faida. Kununua gunia lake ni kumtuma tena porini. Kama tunamhurumia, tumpe kibarua shambani, tumgawie miche ya kahawa, tumwingize katika kikundi cha kuweka na kukopa cha jumuiya yetu.

Wala tusidhani kwamba faida ya gunia lile itatakaswa tukitoa sehemu yake kama zaka. Daudi hakutafuta namna ya kuyahalalisha maji yale. Aliyamwaga, akabaki na kiu yake.

Basi kabla ya kutoa fedha, tuulize maswali mawili: umeuchimba wapi, na kibali kiko wapi? Jibu likikosekana, tufunge mkoba, lakini mlango tusimfungie kijana. Tumkaribishe ndani, tuzungumze naye habari za kazi.