Kale ya Kalerwe

Sogeeni, wajukuu zangu. Sungura na fisi leo tuwaache walale. Nitawasimulia habari za babu yenu alipokuwa mwalimu ugenini.

Mtu akisikia "mwalimu mgeni" humwona akilini Mzungu anayefundisha Kiingereza. Mimi nilitoka Tanga na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu, nikaenda kufundisha Kiswahili Kampala, mtaa wa Kalerwe, kando ya barabara ya Gayaza. Julai 2022 serikali ya Uganda ilikuwa imeamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ulifika mbio, walimu wakawa bado wako njiani. Basi hata mstaafu kama mimi akaitwa.

Kalerwe huhitaji kengele ya kukuamsha. Kabla ya mapambazuko malori yanashusha mikungu ya matoke, bodaboda zinapiga honi, na wachuuzi wa rejareja wanagombea magunia ya kabichi. Nikitoka chumbani nakanyaga maganda ya ndizi hadi kwa kijana wa chapati. Alinizoesha kula kikomando: chapati iliyokatwakatwa, ikamwagiwa maharage. Ukila asubuhi, unafika saa nane hujasikia njaa.

Siku ya kwanza niliingia darasa la nne, nikavuta pumzi, nikasema kama ninavyowaambia ninyi: "Hapo kale..."

Darasa zima likaitikia, "Kale!"

Nikafurahi. Kumbe watoto hawa wanajua kupokea hadithi! Nikarudia kwa madaha, "Hapo kaaale..." "Kale!" Kisha mmoja akafunga daftari lake, na mwenzake akachukua mfuko. Mwalimu wa darasa alikuwa mlangoni anacheka hadi machozi. Kwa Kiganda, kale ni "haya, sawa", na watu huitumia pia wakimaliza mazungumzo. Walidhani nimeshawaaga.

Lakini kilichonitoa jasho hasa ni l na r. Mtoto ananiambia, "Mwalimu, nimerala vizuri." Mwingine anasema baba yake amekwenda kupiga kula. Nilisahihisha kwa wino mwekundu wiki mbili nzima, nikidhani ni uzembe. Jioni moja nimesimama barabarani nangoja teksi, na teksi kule ni yale mabasi madogo tunayoyaita daladala, nikainua macho kwenye kibao cha duka: KALERWE. Nikakisoma polepole. Ka-le-rwe. Baada ya a imekaa l. Baada ya e imekaa r. Jina la mtaa lilikuwa limebeba sheria yote! Katika Kiganda, r huandikwa ikitanguliwa na e au i. Penginepo ni l. Ndiyo maana sukari yetu kwao ni ssukaali, na nimelala yetu, yenye ile e, ikageuka nimerala. Watoto hawakuwa wazembe hata kidogo. Walikuwa wanafuata sheria ambayo mwalimu wao hakuijua. Kesho yake nikaandika KALERWE ubaoni, tukaanza upya.

Tangu hapo soko likawa kabati langu la vifaa. Niliwatuma walete majina ya vitu, tukayapanga mawili mawili: meza na emmeeza, sabuni na ssabbuuni, nyanya na ennyaanya. Saa nazo wanazihesabu kama sisi: ssaawa emu ni saa moja. Adabu pia. Msichana mmoja alipiga magoti mbele yangu kunisalimu, kama walivyofunzwa wasichana wengi wa Buganda, nami nikakosa la kusema, nikajibu "Marahaba" kabla hajatamka neno.

Si wote waliokipenda Kiswahili. Palikuwa na bibi muuza nyanya, tukimwita Jjajja, kwa kuwa ndivyo Waganda wanavyomwita babu au bibi. Nikimsalimu kwa Kiswahili alikunja uso, akanipimia nyanya bila kunitazama. Msimlaumu. Tangu enzi za Waingereza Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi kule. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, huku askari wake wakiwatisha raia kwa lugha hiyohiyo. Kwa mtu wa umri wake, Kiswahili kilikuwa sauti ya anayegonga mlango usiku. Aprili 1979 Kampala ilipotekwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, watu wakawaita askari wetu bakombozi, yaani wakombozi. Nao pia walibeba bunduki na kusema Kiswahili. Ningemwambia nini mimi, Mtanzania na kikapu changu? Nikaanza kumwita "nnyabo", nikawa nanunua nyanya kwake tu.

Siku moja mvua ilinyesha hadi mfereji wa Nsooba ukafurika. Maji meusi yakaingia sokoni, kabichi zinaelea kama vichwa vya waogeleaji. Nimekwama kwenye ngazi ya duka, viatu mkononi, nikasikia sauti juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali:

"Kalibu, mwalimu! Kalibu hapa!"

Alikuwa Jjajja, amenitengea nafasi kando ya matenga yake. Midomo ilinicheza kusema karibu, na r. Nikaimeza. Nikapanda, nikakaa, nikamshukuru kwa Kiganda changu bora kabisa: "Webare nnyo, Jjajja."

Akanigeukia, uso mkavu kama wa mkaguzi wa elimu. "Si webare, mwalimu. Webale."

Hiyo ni a, wajukuu zangu. Baada ya a inakaa l.