Manungu: Mbungi Kati ya Miwa

Yanga kazaliwa 1935. Mnyama Simba 1936. Wazee wa mji, wana makombe mpaka kabati linalia, ila ukiwauliza mechi ya ligi wanachezea wapi, jibu linabadilika kila msimu. Leo Mkapa, kesho Chamazi kwa mwenye nyumba Azam, keshokutwa KMC Complex pale Mwenge. Wapangaji. Sasa toka Moro mjini, piga kama kilomita mia hivi mpaka ndani kabisa kwenye mashamba, kuna chama limezaliwa 1988 tu na lina kwao. Chama ni Mtibwa Sugar, wakata miwa wenyewe, na kwao ni Manungu.

Wanangu wa Moro hii mnaijua, acha niwape ramani wa nje. Unadandia kosta Msamvu, unaikamata barabara ya Dodoma. Dakawa unapita kwenye mpunga, ule wa kula, siyo wa mfukoni. Ukifika Magole unakula kona kulia, lami mpaka Turiani. Hapo Uluguru umeshauacha nyuma kitambo. Milima unayoiona mbele ni Nguru, na watu wa Turiani wanachukia mbaya ukiwachanganyia milima yao. Halafu miwa inaanza. Miwa kulia, miwa kushoto, trekta linakokota matela yaliyoshiba, ukipishana nalo unafunga dirisha. Katikati ya hiyo miwa ndiyo kuna kiwanja. Usitegemee jengo la kutisha linalokuchungulia kutoka mbali. Unaweza kukipita kama huna mwenyeji.

Ila kina historia ambayo vioo na viti vya rangi haviwezi kukununulia.

Mpira wa Moro haukuanzishwa na matajiri wala wazee wa kijiwe cha kahawa. Uliletwa na ajira. Huu mji kasoro bahari ulipangwa uwe mji wa viwanda: ngozi, viatu, turubai, tumbaku. Masela walitoka kila kona ya nchi kuja kusaka kibarua, na kila kibarua kikawa na timu yake. Reli ilikuwa chama la shirika la reli, wakajiita Kiboko ya Vigogo, na siyo kwa kujisifia, vigogo wa Dar walikuwa wanakuja uwanja wa Jamhuri wakiwa wamenuna tangu kwenye basi. Tumbaku nao walikuwepo. Polisi Moro nao wakaja, na ndiko Shomari Kapombe alikotokea kabla Mnyama hajamchukua.

Hata ubingwa mji huu ulishauonja mapema. Mwaka 1975 Mseto walibeba ligi ya bara, enzi ambazo nje ya Simba na Yanga kombe lilikuwa stori ya kwenye redio tu.

Lakini timu ya kazini ina ugonjwa mmoja: kazi ikifa, nayo inazikwa. Miaka ya 80 na 90 viwanda vya Moro vilikata pumzi kimoja baada ya kingine, na timu zikaanza kuyeyuka nazo. Mtibwa ilipona kwa sababu nyepesi tu, kiwanda cha sukari kiliendelea kusaga. Kilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 90, hakikufungwa. Mshahara ukatoka, timu ikala.

Na ikala kweli. Mwaka 1999 hawa jamaa walioanza kama timu ya wafanyakazi kwenye ligi za wilaya wakabeba ubingwa wa Tanzania Bara. Mitaa ya Kariakoo ikasema wamebahatisha. Mwaka 2000 wakaubeba tena. Kocha alikuwa John Simkoko, na kwenye kikosi alikuwemo beki Mecky Mexime, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Taifa Stars na akarudi kuifundisha Mtibwa hiyohiyo. Mara mbili mfululizo, timu ya shambani. Kabla yao kombe lilishatoka nje ya Dar likaenda Tukuyu Stars ya Mbeya na Coastal Union ya Tanga, lakini mara moja moja. Wakata miwa ndio waliorudia.

Sasa kimbembe cha uwanja kinaanzia hapo. Bingwa mara mbili, ungedhani kesho yake tingatinga lingeingia Manungu kuchimba msingi wa jukwaa. Wapi. Manungu ikabaki Manungu, nyasi, ukuta, majukwaa ya kiaina, na mashabiki ambao nusu yao wametoka zamu ya asubuhi kiwandani. Mimi huwa naona hapo ndipo dili kubwa lilipopotea, na nina ushahidi ulioko Mbagala.

Cheki Azam. Nao ni timu ya kiwandani, wafanyakazi wa Bakhresa, wameanza miaka ya 2000 wakati Mtibwa ana makombe mawili mkononi. Mwaka 2010 wakafungua uwanja wao Chamazi, kulekule Mbagala. Taa zipo, watu elfu kumi wanaingia, mechi ya usiku inapigwa bila stresi. Msimu wa 2013/14 wakabeba ligi bila kufungwa. Mchezo uleule wa mwajiri na timu, ila mmoja alimwaga zege na mwingine akaendelea kumwagilia miwa.

Siwachukulii poa Mtibwa. Nasema tu kwamba zege lina faida zake, na faida hizo wao wenyewe walizilipia. Juni 2018 walibeba kombe la FA kule Sheikh Amri Abeid, Arusha, wamempiga Singida United 3-2, kocha Zuberi Katwila, ambaye naye ni zao la Mtibwa tangu anacheza. Wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakapangwa na Northern Dynamo ya Ushelisheli, wakamchapa 4-0 nyumbani. Nyumbani wapi? Chamazi! Mechi ya Afrika haiwezi kupigwa kati ya miwa, CAF wana orodha yao ya mahitaji ndefu kama foleni ya Ubungo ya zamani. Kwa hiyo mtu wa Turiani aliyetaka kuiona timu yake ikicheza Afrika ilibidi apande basi kwenda Dar, kwenye uwanja wa timu nyingine, akalale kwa shemeji. Raundi iliyofuata KCCA ya Uganda wakawatoa, safari ikaishia hapo.

Siyo Afrika tu. Ligi yenyewe kuna vipindi imewahamisha, mara CCM Gairo, mara Jamhuri mjini. Septemba 2020 Simba alipokuja kwao, mechi ilipigwa Jamhuri, ngoma ikaisha 1-1.

Na hapa lazima niseme kidogo kuhusu Jamhuri, maana ndiyo mtoko wetu sisi wa mjini. Kama hujawahi kukaa pale siku ya mechi umekosa kitu. Kule juu kilele cha Lupanga kimejifunga wingu shingoni, upepo wa Uluguru unashuka, halafu bodaboda za Kihonda, Mafiga na Mwembesongo zinamwaga watu getini mpaka nyomi inafunga barabara. Karanga, mayai, miwa iliyomenywa kwenye vifuko. Wana wa vyuo vya SUA na Mzumbe wanakuja na jezi mpya, wazee wa Reli wanakuja na stori za zamani ambazo kila msimu zinaongezeka goli. Mzuka mtupu. Lakini Jamhuri siyo ya timu yoyote ya Moro. Ni mali ya CCM, kama zilivyo Kirumba, Sokoine, Mkwakwani na vingine kibao vya enzi za chama kimoja, vilivyojengwa kwa nguvu na michango ya wananchi, na vikabaki kwa chama baada ya vyama vingi kurudi 1992. Ubishi wa nani hasa ni mwenye navyo haujaisha mpaka kesho. Ninachojua mimi, ukicheza Jamhuri wewe ni mpangaji, hata kama umezaliwa Chamwino ya hapahapa Moro.

Ndiyo maana Machi 2024 tulicheka sana. Dar viwanja vimebana, Simba akaja kupanga Moro, Jamhuri ikawa nyumbani kwa Mnyama. Tarehe 6 wakaja Tanzania Prisons kutoka Mbeya, wakamkanda 2-1 mbele ya Lupanga. Mji mzima uliongea kama Reli imefufuka.

Turudi shambani. Msimu wa 2021/22 Manungu ilirudishwa kwenye ratiba, na hapo ndipo kizazi chetu kilipoelewa wazee walikuwa wanasema nini. Wiki nzima kabla ya Simba kwenda, redio za Dar zilikuwa zinajadili nyasi. Siyo mfungaji, siyo kadi, nyasi. Pichi itakuwaje, mpira utadunda vipi, basi litapita wapi. Mtu ana wachezaji wa mamilioni ya dola anaogopa shamba! Januari 2022 Mnyama akacheza, akatoka bila goli, 0-0, akapanda basi kimya. Mwezi uliofuata Yanga akaenda na akili nyingine, akashinda 2-0 na msimu huo akamaliza ligi bila kupoteza mechi. Kwa hiyo usidanganyike, Manungu siyo ndumba. Wanaojua kukiwasha wanakiwasha popote. Ila presha waliyoenda nayo wote wawili haikutengenezwa na jukwaa wala taa. Ilitengenezwa na umbali, na watu wanaosimama hatua chache tu kutoka kwenye mstari, wanaokujua jina na kabila la mama yako.

Kuna kitu kingine ambacho Manungu imekifanya vizuri kuliko viwanja vingi vyenye mataa. Imezalisha. Mwaka 2016 Simba alikuja kama mtu aliyeona duka linafunga, akabeba Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kwa mkupuo. Yanga naye akamchukua Kibwana Shomari 2020, na Januari 2021 akaja kumalizia kwa Dickson Job, dogo wa Moro aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys kule Gabon 2017. Ukimuona Job anavyosimama leo, mfupi lakini hapitiki, ujue hiyo elimu hakupewa Jangwani kwa Yanga. Kaipata kwenye nyasi zinazojadiliwa redioni.

Tatizo la kuzalisha na kuuza ni kwamba kuna siku ghala linabaki tupu. Msimu wa 2023/24 Mtibwa ilishuka daraja. Mabingwa wa 1999 na 2000 wakaenda Championship pamoja na Geita Gold, na huku mtaani wengi tulishawaandikia tanzia, tukakumbuka Reli, tukakumbuka Mseto. Ikawa sivyo. Msimu mmoja tu, chini ya Awadh Juma Maniche, wakabeba ubingwa wa Championship na msimu wa 2025/26 wakarudi Ligi Kuu pamoja na Mbeya City. Kiwanda bado kinasaga, si nilisema?

Kwa hiyo sasa hivi kila kijiwe cha Moro kina mkandarasi wake. Mwingine anataka Mtibwa ijenge uwanja mpya mjini, karibu na stesheni ya SGR inayotushushia watu wa Dar tangu Juni 2024, waje wale mishikaki, waangalie mbungi, wasepe na treni ya usiku. Hesabu tamu, naielewa. Mimi sikubali. Ukiitoa Mtibwa kwenye miwa unabaki na timu ya kawaida inayopanga kwenye mji wenye watu waliokwisha kuchagua Simba au Yanga tangu tumboni. Pale Turiani ndipo kuna watu wanaoipenda wao kwanza.

Wajenge palepale Manungu. Paa la jukwaa moja, maana masika ya kule hayana adabu. Vyumba vya kubadilishia nguo ambavyo kamishna wa mechi hatavikunjia uso. Taa zije baadaye, na kama mabaki ya miwa yanaendesha mitambo ya kiwanda, sioni kwa nini nguzo nne ziwashinde. Viti elfu tano vinatosha kabisa. Elfu thelathini waachieni Arusha na AFCON yao ya 2027.